Mshono wa Ukurasa wa Sitini na Nne

Mimi ni fundi cherehani, si msomi.
Nilishona sare za shule Kondele miaka kumi na tisa,
kaptura, marinda, kola za kukwaruza shingo,
mpaka Apondi akapanda ngazi na rundo la karatasi kifuani
akauliza kama sindano yangu inajua kitabu.
Nikamwambia sindano haijui kitu. Anayejua ni kidole.

Sasa nashona dunia
katika chumba kimoja juu ya duka la pampu za maji.
Mashine ya kuchapa ni ya mkopo, inakohoa.
Nakala mia mbili kila kitabu, basi,
na deni la karatasi,
hilo halikubuniwa na mtu.

Msimu huu vilikuwa viwili.
Kimoja cha Khasandi, muuguzi wa zamu ya usiku, Mbale ya Maragoli:
msitu wa Kakamega umechoka kukatwa,
unang'oa mizizi yake taratibu, unahama na nyani wake,
na wenye misumeno wakiamka wanakuta umande
na mashimo yaliyojipanga kama nyayo.
Cha pili cha Lelei, kijana wa kutengeneza simu Nakuru:
heroe wa ziwani si ndege,
ni wajumbe wa sayari iliyopauka,
wametumwa kuokota rangi ya waridi punje kwa punje,
na mwaka wa kurudi umefika.

Nikauliza, ndege anabebaje rangi mbali hivyo?
Apondi hakuinua kichwa:
"Wewe shona."

Usiku ule stima ikaenda.
Kutoka Nyalenda hadi Mamboleo hakuna taa,
vyura wakashika zamu.
Vitabu vinangojwa Kibuye alfajiri.
Nikashona kwa tochi ya simu, simu ikafa,
nikashona kwa kidole.
Mkunjo, tundu, uzi, fundo.
Mkunjo, tundu, uzi, fundo.
Gizani karatasi zote zina uzito mmoja.

Asubuhi Apondi akafungua nakala ya juu.
Akasoma. Akafungua nyingine.
Akaketi juu ya boksi la wino.

Thelathini na saba, tulizihesabu.
Ukurasa wa sitini na nne msitu wa Khasandi
unafika kwenye maji, unasimama, unapumua.
Ukurasa wa sitini na tano heroe mzee wa Lelei anageuza shingo:
"Umechelewa. Umeleta rangi gani?"

Nikasema nitafumua.
"Ukifumua zitachanika," akasema,
na karatasi bado si yetu.
Tukazisukuma chini ya meza, tukazifunika gunia
kama mtu anavyofunika sufuria iliyoungua.

Moja ilitoroka.
Sijui ilipitaje; labda nami gizani nilikuwa wawili.
Siku ya tisa mwalimu wa hesabu kutoka Ahero akapanda ngazi yetu,
viatu vina tope la mpunga,
kitabu amekifunga kwenye leso kama mayai.
Hakutaka pesa zake.
Alitaka kujua ni nani aliyewaza hivi,
msitu uwe ndio jibu la ndege,
na sehemu ya pili inatoka lini,
maana darasa lake la saba limegawanyika:
nusu wanasema miti ilipanda, nusu wanasema ilikataa.
Apondi akanitazama.
Mkono wangu ukaingia mfukoni wenyewe.

Siku hizi Khasandi na Lelei wanagombana kwa simu
kama mizizi inaweza kukaa hewani bila kukauka.
Yeye anasema anajua, amewaona watu
wakining'inia kwenye dripu wiki nzima wakiishi.
Lelei anataka hesabu ya mafuta.
Hawajawahi kuonana.
Gunia liko tupu. Deni liko palepale.
Wateja wangu wa zamani bado hupiga simu kila Januari, kola, kola,
nami nawaambia niko safarini.

Stima imekwenda tena jioni hii.
Mezani kuna mikunjo ya vitabu vitatu vipya.
Tochi ninayo.
Sijaiwasha.